Gari la Mzee Lilikuwa Rangi Gani?

Mzee alikuja gereji kwetu Ibanda Jumatatu moja asubuhi, amevaa koti la mvua ingawa mvua haikuwepo. Alisalimia kila mtu kwa mkono. Kijana mmoja alikuwa chini ya gari, miguu tu ndiyo ilionekana, basi Mzee akamsalimia mguu. Halafu akasema shida yake kwa neno moja: "Nataka murudishe gari yangu rangi yake."

Mimi si fundi. Kazi yangu ni kusimamia vijana saba wanaojifunza kunyoosha bodi na kupiga rangi. Naandika mahudhurio, natafuta wateja, nagombana na wenye madeni. Watano kati yao wamevuka kutoka Congo kama mimi, wawili ni Wakonzo wa hapa hapa. Kinande chetu na Lhukonzo chao ni karibu lugha moja, kwa hiyo hata matusi hayahitaji mkalimani.

Gari lenyewe tulilijua. Lilikuwa chini ya mparachichi, kando ya njia inayopanda kwenda Nyakalengija, kule wageni wanakoanzia safari ya mlima Rwenzori. Lilikaa pale miaka zaidi ya ishirini. Kuku walitaga juu ya kiti. Lilikuwa pikapu ya zamani sana, Chevrolet, yenye boneti iliyovimba na macho mawili ya taa yaliyokaa mbalimbali kama ya chura. Lilikuwa jeupe, yaani jeupe la bati lililochoka, na kutu imekula chini ya milango. Injini haikuwaka. Mzee alisema injini atashughulika nayo Mungu akipenda, sisi tufanye rangi kwanza, kwa sababu macho yake yameanza kufungwa na mtoto wa jicho na yeye anataka kuliona gari kabla giza halijafika.

Nilimuuliza: "Mzee, rangi yake ni ipi? Nyeupe?"

Akacheka. "Nyeupe? Hapana, mwanangu. Nyeupe niliipaka mimi, usiku, sababu ya vita."

Sikuuliza zaidi. Hapo ndipo kosa langu lilipoanzia, na nitalifikia.

Kwa magari ya siku hizi swali la rangi si gumu. Hapa Kasese karibu kila gari ni Toyota iliyotumika, na Toyota inabeba jibu lake yenyewe. Unafungua boneti au mlango, unatafuta kibati cha kiwanda, unatazama palipoandikwa C/TR. Namba ya kwanza hapo ndiyo rangi ya nje. Ukisoma 040, hiyo ni nyeupe, na muuza rangi yeyote anaijua. Vijana wetu wanaijua 040 kuliko namba za simu za mama zao.

Gari la Mzee halikuwa na kibati. Mahali pake palikuwa na matundu ya skrubu tu. Vijana wakaanza kupiga kura. Mmoja alitaka nyeupe tena, eti gari jeupe linauzika. Mwingine alitaka fedha yenye kung'aa. Fundi wetu mkuu aliwanyamazisha. Alisema gari halidanganyi, linaficha tu, na kazi yetu ni kulivua nguo polepole.

Mlio na pikipiki au gari la zamani, someni hapa vizuri, maana nilijifunza mambo ambayo sikuyajua. Rangi unayoiona nje si shahidi mzuri. Jua la hapa kwetu, karibu na mstari wa ikweta, linachoma rangi mpaka inakuwa unga. Ukipitisha kidole kinatoka na vumbi. Kwa hiyo unatafuta mahali ambapo jua na mkono havijafika: nyuma ya raba ya mlango, chini ya beji ya boneti, chini ya kibati chochote kilichofungwa kwa skrubu tangu kiwandani. Ndani ya kabini pia unatazama, lakini usiamini haraka. Sisi ndani tulikuta kijivu, na fundi akasema pikapu nyingi za zamani zilipakwa ndani rangi nyingine na nje nyingine.

Halafu kuna duara. Unachukua msasa laini na maji, unasugua sehemu moja ndogo, katikati zaidi na pembeni kidogo, mpaka unafika kwenye chuma. Kila safu ya rangi inabaki kama pete, sawasawa na mti uliokatwa. Pete ya nje ndiyo rangi ya mwisho kupakwa, ya ndani ndiyo ya kwanza.

Maji ni lazima. Rangi nyingi za zamani zilichanganywa na risasi, ile madini, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Nilipowaeleza vijana kwamba rangi ya gari hili inaweza kuwa na risasi, mmoja aliyetoka Beni akasema, "Dada, kila kitu cha kwetu kina risasi." Tulicheka, halafu tukanyamaza. Tukafunga vitambaa puani, tukafukuza watoto na kuku, tukasugua kwa maji.

Duara letu la kwanza tulilifanya kwenye mlango wa dereva. Nje kulikuwa na nyeupe, nene, imepakwa kwa brashi, bila praima. Chini yake bluu iliyochoka. Chini ya bluu kijani kizito, kama majani ya kahawa yakilowa. Chini ya kijani praima, halafu chuma. Tulifanya duara la pili kwenye madigadi na la tatu kwenye boneti. Kila mahali mpangilio ule ule. Tukafungua beji ya Chevrolet, na nyuma yake kijani kilikuwa kizima, kinameta, kama kimepakwa jana.

Vijana walishangilia kama timu imefunga bao. Rangi ya kwanza imepatikana.

Wiki hiyo hiyo alipita mgeni mmoja Mmarekani, ameshuka kutoka mlimani, matope mpaka magotini. Alikuwa anatembea na kiongozi wake kwenda kutafuta usafiri. Alipoona ile pikapu alisimama, akavua kofia. Kiongozi alitutafsiria: babu yake alikuwa na moja kama hiyo.

Huyo mgeni alilisoma gari kama sisi tunavyosoma Toyota. Alionyesha dirisha la mlango: halina kile kioo kidogo cha pembeni cha kuingizia hewa, na Chevrolet walikiweka kwenye pikapu kuanzia mwaka 1951. Akafungua kabini, akaonyesha tangi la mafuta nyuma ya kiti: tangi lilihamia humo mwaka 1949. Kwa hiyo gari ni la 1949 au 1950. Na pikapu za Chevrolet za miaka hiyo, alisema, zilitoka na rangi moja ya kawaida, kijani kinachoitwa Forester Green. Mnunuzi aliyetaka nyingine aliagiza: kulikuwa na nyekundu ya Swift's Red, rangi ya chungwa ya Omaha Orange, bluu ya Mariner Blue, na nyingine kadhaa. Asiyesema kitu alipata kijani.

Usiku ule nilisoma sana kwenye simu mpaka bando likaisha. Nilijifunza kwamba Ford Model T, kuanzia 1914 mpaka 1925, ilitoka nyeusi tu. Nilijifunza kwamba zamani rangi ya gari ilichukua wiki nyingi kukauka, mpaka kampuni ya DuPont ikaleta rangi iitwayo Duco, inayokauka kwa masaa. General Motors waliitumia kwenye magari yao ya Oakland ya mwaka 1924, yakawa ya bluu, na tangu hapo watu wakaanza kuchagua rangi ya gari kama wanavyochagua kitenge. Nilijifunza pia kwamba watengenezaji wa rangi walichapisha kila mwaka kadi zenye vipande vidogo vya rangi kwa ajili ya mafundi, na leo wanaofufua magari ya zamani Marekani wanazitafuta kadi hizo kama dhahabu. Lakini hata ukiwa na kadi na namba, mchanganyiko wa zamani hauwezi kurudiwa jinsi ulivyo, kwa sababu baadhi ya unga wake, ule wenye risasi, hautumiki tena kwenye rangi nyingi za magari. Lazima mtu atafute njia mpya ya kufika kwenye rangi ile ile.

Na jambo moja lilinigusa: General Motors walikuwa na kiwanda cha kuunganisha Chevrolet mjini Antwerp, Ubelgiji, tangu miaka ya 1920. Kwa hiyo gari la Mbelgiji huko Congo linaweza kuwa lilipita Antwerp kabla halijaona Afrika, na kadi ya Marekani peke yake haitoshi kuwa ushahidi. Lakini sisi tulikuwa na pete. Kadi na pete zilikubaliana.

Kesho yake mgeni alirudi kabla ya kuondoka. Akasema atalipia rangi. Sharti moja tu: iwe ile ya kiwandani, kijani, na tumtumie picha. Akaniwekea mkononi laki nne na elfu ishirini.

Nilisema ndiyo. Sikumuuliza Mzee. Nilijiambia, Mzee mwenyewe amesema "rangi yake", na rangi yake ndiyo hii, msasa umethibitisha. Tena nilikuwa na haraka. Vijana walikuwa na miezi miwili bila kazi kubwa, na mimi nilitaka picha moja nzuri ya kuonyesha wanaotusaidia. Niseme ukweli, nilitaka pia yule mgeni aone kwamba sisi tunaweza.

Tukafungua kibati kidogo chini ya boneti chenye kijani kizima, tukakipiga polishi, tukakituma Kampala kwenye duka lenye mashine ya kusoma rangi. Siku nne baadaye basi lilileta Kasese lita nne za kijani, pamoja na hadina na thina. Tulipiga rangi kibao cha kujaribia. Kilipokauka tukakiweka kando ya beji. Hata fundi mkuu, mtu asiyesifu kitu, alisema, "Eh."

Mzee tulimwita aje kuona.

Alisimama mbele ya kile kibao muda mrefu. Alikisogeza karibu na jicho moja, halafu jingine. Nilidhani ni macho.

"Hii ni rangi ya nani?"

"Ya gari lako, Mzee. Ile ya kwanza kabisa. Tumeitafuta mpaka chini."

"Hapana," akasema. "Hiyo ni rangi ya Mbelgiji."

Tukamletea kiti. Alisimulia bila kupandisha sauti. Baba yake alifanya kazi kwenye shamba la kahawa la Mbelgiji upande wa Mutwanga, ng'ambo ya mlima huu huu tunaouona kila asubuhi. Siku ya malipo Mbelgiji alikuja na gari la kijani, akakaa ndani, watu wakapanga mstari juani. Mara nyingi waliambiwa pesa haijafika. Mwaka 1960 Wabelgiji walipokuwa wanaondoka, yule bwana alikuwa na deni la mishahara ya miezi mingi. Hakuwa na pesa. Akawaachia gari baba yake Mzee na wenzake wawili, na baba akawalipa wale wawili kwa kahawa kidogo kidogo mpaka gari likawa lake.

"Kabla hajajua hata kuendesha," Mzee alisema, "tata alinunua rangi ya bluu. Alipaka yeye mwenyewe, na sisi watoto tukimushikia kopo. Kijani ilipopotea ndipo watu wakasema: sasa ni gari ya fulani. Mbele ya pale ilikuwaka gari ya Mbelgiji."

Lile gari la bluu lilibeba kahawa, mahindi, wagonjwa na maharusi. Mwaka 1996, vita ya AFDL ilipofika kwao, wenye bunduki walikuwa wanachukua kila gari. Mzee alitafuta rangi ya nyumba, nyeupe, akapaka usiku kucha kwa mwanga wa taa ya mafuta, kwa sababu magari meupe yalikuwa ya misheni na ya mashirika, na pengine yangeachwa yapite. Likapita. Alivuka nalo Kasindi, akaingia Mpondwe, akaja Ibanda kwa wajomba zake. Akaliegesha chini ya mparachichi.

Kijana mmoja, mbishi lakini mwenye akili, akauliza: "Mzee, si halisi ni ile ya kwanza?"

Mzee akamtazama. "Wewe ulizaliwa bila nguo. Mbona leo umevaa?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Lita nne za kijani zilikuwa mezani, hela ya mgeni imekwisha, na mwenye gari alikuwa hajaulizwa. Mimi ambaye kila wiki nakaa na vijana nikilalamika kwamba watu wanatuletea misaada bila kutuuliza! Nilimwomba Mzee msamaha mbele ya vijana. Alisema, "Umeuliza sasa. Basi sikia: bluu."

Lakini bluu gani?

Hapo ndipo kazi ya kweli ilianza, maana bluu ya baba yake haina namba, haina kadi, haiko kwenye mashine ya mtu. Ilinunuliwa dukani huko Congo zaidi ya miaka sitini iliyopita, labda ilikuwa rangi ya milango na madirisha. Pete ya bluu kwenye duara letu ilikuwa nyembamba, imeunguzwa na jua la miaka 36 kabla ya kufunikwa, na nyeupe ya 1996 iliyopakwa bila praima ilikuwa imeshikamana nayo. Tukisugua kidogo tunakuta nyeupe, tukisugua zaidi tunakuta kijani. Na Mzee mwenyewe hakuweza kuwa mwamuzi. Mtoto wa jicho huifanya dunia iwe kama inaonekana kupitia chai, na bluu ndiyo inayoumia zaidi. Tulimwonyesha bluu tatu tofauti, akasema zote ni moja.

Alikaa siku mbili akifikiri, halafu akatuma mjukuu: "Nendeni Bwera kwa dada yangu. Mukaangalie sanduku."

Tulikwenda watatu: mimi, fundi mkuu, na binti mmoja wa miaka 19 kati ya vijana wetu, ambaye jicho lake la rangi linawashinda wote. Tulishuka kwa boda mpaka barabara kubwa, tukapanda teksi ya Mpondwe kupitia Kikorongo. Dada yake Mzee anakaa Bwera nyuma ya barabara ya soko. Ni mama mfupi, mkali kidogo. Alitulisha bundu na samaki kabla hajakubali kusikia habari ya gari.

Sanduku lilikuwa chini ya kitanda. Sanduku la bati, lile la bibi arusi. Nje limekwaruzwa kila upande, maana limevuka mpaka zaidi ya mara moja. Alipoolewa, baba yake alipaka sanduku kwa rangi iliyobaki kwenye kopo la gari. Akalifungua. Ndani ya mfuniko, mahali ambapo jua halijaingia tangu siku ile, bluu ilikuwa hai. Haikuwa bluu ya mbinguni wala bluu ya polisi. Ilikuwa na kijani kidogo sana ndani yake, na kama tone la maziwa.

Binti alisema taratibu, "Hiyo hapo."

Tuliomba kukwangua kipande kidogo kama ukucha, tukipeleke Kampala. Mama akakataa. Tuliomba kuazima sanduku siku mbili. Akakataa zaidi. Ndani mlikuwa na vitenge vyake, cheti cha ubatizo, na vitu ambavyo hakutuambia. "Hili sanduku halijalala nje ya chumba changu tangu nilipokimbia," alisema. Hakuna aliyebisha.

Kwa hiyo tulirudi wiki iliyofuata, na binti akabeba duka lake mgongoni: vichupa vya nyeupe, bluu, nyeusi, manjano, na vibao vidogo vilivyokwisha kupigwa praima. Alikaa mlangoni kwa mama yule kuanzia saa tatu asubuhi. Anachanganya kwa matone na kuhesabu kwenye daftari, anapaka kibao, anaandika namba, anasubiri. Kusubiri ni lazima, maana rangi mbichi na rangi kavu ni vitu viwili. Inayofanana sasa hivi, ikikauka inakukimbia. Na taa nayo ina hila zake. Kibao namba 5 kilifanana kabisa na sanduku chini ya balbu ya ndani. Tulipovisogeza mlangoni kwenye jua vikaachana kama watu waliogombana. Fundi alituambia rangi mbili zikichanganywa kwa unga tofauti zinaweza kukubaliana chini ya taa moja na kukataana chini ya nyingine, kwa hiyo mwamuzi ni jua, asubuhi na mchana, maana gari litaishi juani.

Kibao namba 11 ndicho kilichokaa. Mama mwenyewe alikiweka ndani ya mfuniko, akarudi nyuma hatua tatu, akasema, "Kiko wapi?" Hakukiona. Halafu akacheka kwa mara ya kwanza, akafunga sanduku, akalirudisha chini ya kitanda.

Hesabu ya matone ilikuwa kwenye daftari la binti. Kwa daftari hilo tulichanganya lita nne wenyewe pale gereji. Pesa ya bluu ilitoka kwa Mzee. Alisubiri auze kahawa yake, akalipa kidogo kidogo, kama baba yake alivyolipa gari.

Yule mgeni nilimwandikia. Barua hiyo ilinichukua usiku mzima na msaada wa kamusi. Nilimweleza habari ya Mbelgiji, ya mishahara, ya sanduku, na kwamba pesa yake ilikuwa imenunua rangi ambayo haitapakwa. Nilisema tutamrudishia tukipata. Alijibu baada ya siku tisa. Alisema yeye angependa kijani, hatanificha. Lakini gari si lake, na pesa nisirudishe. Akauliza kama anaweza kupata picha ya sanduku. Nilimwuliza mama wa Bwera. Alikataa, na mimi nilimwandikia hivyo hivyo.

Tulipiga rangi mwezi uliofuata. Kutu ilikatwa, mabati mapya yakachomelewa chini ya milango, praima ikaingia. Siku ya koti la mwisho umeme ulikatika gari likiwa nusu, kompresa ikanyamaza, tukakaa masaa matatu tukifukuza nzi na mikono yetu. Ukitazama vizuri mlango wa abiria utaona mahali tulipoanza tena. Nyuma ya beji ya boneti tuliacha kipande cha kijani kama kilivyo. Mzee alikubali. Alisema hata Mbelgiji alikuwepo, hatuwezi kusema hakuwepo, lakini akae nyuma ya beji.

Alipokuja kuliona, alitembea kulizunguka akilishika kwa kiganja. Mlangoni akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa. Nilimwuliza, "Mzee, unaiona?"

"Ninaona bluu," alisema. "Ama ninakumbuka bluu. Yote ni sawa. Wasingya."

Injini bado haijawaka. Gari liko chini ya mparachichi ule ule, na sasa kuku wanafukuzwa. Watoto wa shule wanapopita wanasema "gari ya Mzee". Zamani walisema "ile gari".

Binti wa vichupa sasa ana wateja wake. Watu wa Kasese mjini wanamletea vipande vya magari ambayo mashine imeshindwa kuyasoma. Analitunza lile daftari ndani ya mfuko wa plastiki.

Mimi nilibadilisha kitu kimoja kwenye kazi yangu. Fomu yetu ya kupokea kazi ilikuwa na mstari "rangi ya awali", na fundi ndiye aliyeujaza kwa kutazama gari. Nimeongeza mstari chini yake: "rangi anayoitaka mwenyewe, na kwa nini". Unajazwa na mwenye gari, kabla hatujashika msasa. Mara nyingi wanaandika neno moja tu. Mara nyingine wanaomba karatasi ya pili.

Na kopo la kijani bado liko kwetu. Lita nne kasoro kibao kimoja, Forester Green kama ilivyotoka kiwandani mwaka 1950, nzuri kabisa. Kama una geti la chuma, njoo tuongee bei.